Deni Limo Kwenye Simu: Namna ya Kuufikisha Ushahidi wa Kielektroniki Mahakamani

Biashara nyingi za mwambao wetu siku hizi hazina karatasi. Mkulima wa Muheza anapakia Fuso la machungwa, mnunuzi yuko Tanga mjini, bei imepatanwa WhatsApp, malipo ya kwanza yameingia kwa simu, na ahadi ya kumalizia salio imekuja kwa ujumbe wa sauti uliorekodiwa huku pikipiki zikipiga kelele. Wauza samaki wa Deep Sea, wenye nyumba za kupanga Makorora na mafundi wa Ngamiani nao ni hivyohivyo. Salio likiganda, ndipo swali linapokuja: "Meseji zote ninazo. Mahakama itazikubali?"

Huhitaji kupanda hadi Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ili upate jibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, inasema katika kifungu cha 18 kwamba ushahidi haukataliwi kwa sababu tu umetoka kwenye simu au kompyuta. Hapo mlango uko wazi. Lakini kupokelewa ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine, na kifungu hichohicho kinamtaka hakimu apime mambo kadhaa: ujumbe ulitengenezwa, ulitunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, ulilindwaje usiongezwe wala kupunguzwa neno, na aliyeutuma alitambulikaje. Yaangalie maswali hayo kwa utulivu. Hakuna linalouliza ujumbe unasema nini. Yote yanauliza umetoka wapi, ni wa nani, na umepita mikono ya nani. Wengi wetu tunakwenda mahakamani tumebeba maneno tu, na historia ya simu tumeiacha nyumbani.

Wala jambo hili halikuanza mwaka 2015. Katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Shauri la Kibiashara Namba 4 la mwaka 2000, Jaji Nsekela alikubali kwamba taarifa za benki zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta zihesabiwe kuwa ni vitabu vya benki, ingawa sheria ya wakati huo iliandikwa kwa kufikiria madaftari. Mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa kuutambua ushahidi wa aina hiyo. Shauri la Kibiashara Namba 10 la mwaka 2008, la Lazarus Mafie na mwenzake dhidi ya Odilo Kilenga, nalo lilibishaniwa juu ya baruapepe. Hukumu za namna hii unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII. Angalizo dogo: toleo la sheria zilizorekebishwa la mwaka 2023 limebadilisha namba za vifungu vingi, kwa hiyo ukizungumza na karani au wakili itaje sheria kwa jina lake, namba ataitafuta yeye.

Nianzie wapi, basi, mdaiwa akishaanza kunipiga chenga? Anza kwa kutokufanya. Usifute kitu, hata zile meseji zinazokuaibisha, hata ulipomtukana. Mazungumzo yaliyochujwa yanampa mwenzako nafasi ya kusema umechagua yanayokufaa, naye atakuwa na nakala yake kamili mkononi. Ingia kwenye mazungumzo hayo uangalie kama kuna mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe baada ya muda. Kama upo, uzime leo. Hakikisha simu inahifadhi nakala ya mazungumzo kwenye akaunti yako ya baruapepe. Simu ikianguka baharini au ikiibiwa, kurudisha laini kunakurudishia namba tu, mazungumzo hayarudi na laini. Na usiiuze wala kumpa mtoto simu hiyo mpaka mambo yaishe. Simu yenyewe ndiyo ushahidi wako wa kwanza, karatasi ni kivuli chake.

Kisha chukua daftari uandike kwa mkono: aina ya simu, namba ya laini, na ile namba ndefu ya utambulisho wa simu iitwayo IMEI, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#. Andika simu ni ya nani, ulianza kuitumia lini, nani mwingine huishika, na kama iliwahi kupelekwa kwa fundi. Utaona kazi hii ni ndogo na ya kijinga. Siku wakili wa upande wa pili atakapokuuliza, "Mumeo naye haijui namba ya siri ya simu hii?", utafurahi kuwa uliifikiria mapema.

Sasa tuje kwenye picha za skrini, ambazo kila mtu hukimbilia. Chukulia mkulima wetu amemhifadhi mnunuzi kwa jina la "Bosi Machungwa". Anapiga picha ya skrini, juu kunasomeka Bosi Machungwa, chini kuna maneno mazuri kabisa: "Ile 4,200,000 iliyobaki nakumalizia Ijumaa, usiwe na wasi." Hakimu hamjui Bosi Machungwa. Jina hilo ameliandika mkulima mwenyewe, na angeweza kumpa jina hilo shemeji yake akamwambia atume ujumbe ule. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha, fungua ukurasa wa maelezo ya mtu huyo ili namba yake ionekane, upige picha na hapo. Halafu piga mfululizo, kila picha ikianza na mstari wa mwisho wa picha iliyotangulia, tarehe na saa zikionekana, tangu mlipoanza kupatana bei hadi aliponyamaza. Palipoandikwa kwamba ujumbe umefutwa, usiparuke.

Zaidi ya picha, WhatsApp ina njia ya kutoa mazungumzo yote kama faili moja la maandishi lenye tarehe na saa za kila ujumbe. Ifanye, ujitumie kwenye baruapepe yako siku hiyohiyo. Ujumbe wa sauti uache palepale ulipo kwenye simu, na nakala yake iweke kwenye flashi. Baadaye andika neno kwa neno kilichosemwa. Kama mmezungumza Kidigo, Kibondei au Kisambaa, andika kama kilivyo na tafsiri yake pembeni, maana tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Picha za mzigo, za ukuta uliobomolewa au za injini iliyoharibika, zitunze zile za mwanzo zilizopigwa na simu. Picha ikipita WhatsApp hubanwa, na maelezo yaliyojificha ndani yake, kama saa na mahali ilipopigwa, hupotea.

Kamera za ulinzi zina haraka zaidi. Ikiwa tukio limeonekana kwenye kamera ya duka au ya nyumba ya wageni, nenda siku hiyo ukaombe kwa maandishi picha zisifutwe, na nakala ya barua yako isainiwe kwamba imepokelewa. Mitambo mingi hujiandika upya juu ya picha za zamani kila nafasi inapojaa, na mwenye duka hata hajui.

Nitathibitishaje kwamba namba ile ni ya mdaiwa kweli? Hapa pesa ya simu ni rafiki yako mkubwa kuliko WhatsApp. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na ujumbe wa muamala unakuja na jina la usajili. Kama malipo ya kwanza yalitoka kwenye namba ileile iliyokuwa ikikuandikia, umeshafunga fundo: namba, jina na pesa viko pamoja. Tatizo ni pale alipotuma kupitia kwa wakala au laini ya mkewe. Basi tafuta mahali kwenye mazungumzo aliposema "nimekutumia sasa hivi, angalia," na ulinganishe saa.

Ujumbe mfupi wa muamala peke yake usiutegemee. Omba taarifa ya miamala ya akaunti yako kwa kipindi husika, kupitia programu ya mtandao wako au dukani kwao, na ukienda dukani beba kitambulisho, uliza ada kabla hawajachapa, na uombe wagonge muhuri. Kwa benki ni hivyohivyo: omba taarifa ya akaunti, uwaambie ni ya kupeleka mahakamani, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi ina utaratibu wake kwa nyaraka za benki na watahitaji ofisa wao aithibitishe.

Baada ya hapo ni kuchapa. Steshenari yoyote jirani na mahakama itakufanyia kwa shilingi mia chache kwa ukurasa. Tahadhari ni moja: kaa hapo. Hamisha picha kwa waya au kwa baruapepe yako, zichapwe mbele yako, angalia ukurasa kwa ukurasa, halafu zifutwe kwenye kompyuta yao. Andika jina la duka, tarehe na saa. Mahakama ya Rufani ilieleza katika kesi ya jinai ya Paulo Maduka na wenzake, Rufaa Namba 110 ya mwaka 2007, umuhimu wa kuonyesha kwa maandishi kielelezo kilitoka kwa nani kwenda kwa nani, hatua kwa hatua. Ile ilikuwa jinai na yako ni deni la machungwa, lakini mantiki inakusaidia: kama ilivyo kwa mzigo wa jahazi, ukijua ulivyopita kila bandari, mtu hatakuambia umebadilishwa njiani.

Maelezo yote haya yanaingia kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo unayoyaandika na kuyaapia mbele ya kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili. Haina maajabu. Unasema simu ile, yenye IMEI hii na laini hii, ni yako na unaitumia mwenyewe; kwamba kwa muda wote huo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa; kwamba mazungumzo ni kati yako na mdaiwa kwa namba yake hii, unayoifahamu kuwa yake kwa sababu hizi; kwamba picha ulizipiga mwenyewe tarehe fulani, ukazichapa mahali fulani, na hukubadilisha chochote. Sheria yetu haikuweka fomu maalumu, na shahidi anaweza kuyaeleza haya kwa mdomo kizimbani. Mimi nashauri iandikwe. Kizimbani mtu husahau, na wakili mpinzani anaishi kwa usahaulifu huo. Ada ya kiapo ni ya maelewano, kwa hiyo uliza ofisi mbili tatu kabla ya kukubali.

Kesi yenyewe naipeleka wapi? Madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na mkulima wetu wa milioni 4 na ushee hapo ndipo mahali pake. Unaweza kusimama bila wakili, na karani atakuelekeza namna ya kuwasilisha dai na kukupa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyoizoea kwa jina la kontroo namba. Lipa kwa namba hiyo tu, usimpe mtu pesa mkononi, na tunza risiti kwa sababu ukishinda unaweza kuomba gharama zako. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zao za ushahidi za mwaka 1964, zilizotungwa kabla ya mambo haya yote, lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inazungumzia mashauri ya kisheria kwa ujumla wake. Ukiwa na dai kubwa zaidi utakwenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, Masjala ya Tanga. Huko Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka nyaraka unazozitegemea ziambatanishwe tangu siku ya kufungua kesi. Ukizileta baadaye utaomba ruhusa, na ruhusa hainunuliwi dukani.

Usiye na uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ikuelekeze kwa waliosajiliwa. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, nacho kina ofisi Tanga.

Na kama ushahidi hauko kwangu, uko kwake? Hili ndilo swali watu wachache hulijua jibu lake. Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu upande mmoja kuiomba mahakama imwagize mwenzake aseme kwa kiapo ana nyaraka gani zinazohusu shauri, kisha aziweke wazi zikaguliwe. Nyaraka hizo ni pamoja na baruapepe za kampuni, orodha za mizigo kwenye kompyuta yake, na mazungumzo yaliyoko kwenye simu ya dereva wake. Ombi lako lisiwe pana kama bahari. Ukiandika "alete meseji zake zote" hakimu atalikataa. Andika "mazungumzo kati ya mdaiwa na dereva wa gari lililobeba mzigo, kuanzia tarehe ya kupakia hadi ya kushusha". Anayekaidi amri anajiweka pabaya: mdai dai lake linaweza kufutwa, mdaiwa utetezi wake unaweza kuondolewa. Kabla hata ya kesi, mwandikie barua ya madai inayomtaka asifute kumbukumbu hizo. Akizifuta baada ya kusaini kuipokea, utakuwa na la kumwambia hakimu.

Kampuni ya simu haitakupa taarifa za laini ya mtu mwingine hata ukalia. Inabanwa na sheria za mawasiliano na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Njia ni kuiomba mahakama itoe wito kwa ofisa wao aje na kumbukumbu zinazotakiwa. Omba mapema, kumbukumbu hizo hazikai milele.

Iwapo ni utapeli, si deni, nenda polisi. Fungua jalada, pata namba ya RB, toa simu ikaguliwe ukiwepo, na udai maandishi ya kuipokea. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, inawapa polisi uwezo ambao wewe huna: kudai taarifa kutoka kwa kampuni na kuamuru zihifadhiwe zisipotee. Namba ya tapeli itume pia kwenda 15040, na bonyeza *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Hutaki laini ya mtu mwingine ikufungulie kesi.

Sheria hiyohiyo inaweza kukugeukia. Kufungua simu ya mwenzako kwa kuiba namba ya siri, au kuingia kwenye baruapepe ya mwajiri uliyeacha kazi kwake, ni kosa, hata kama ndani umekuta ukweli mtupu. Kughushi mazungumzo ni kosa pia, na programu za kutengeneza meseji bandia zinajulikana mahakamani siku hizi, ndiyo maana hakimu ataitaka simu yenyewe.

Mnaofanya biashara kuvuka Horohoro zingatieni jambo moja. Mkishitaki Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya huko kinataka hati ya uthibitisho inayoeleza ushahidi ulivyozalishwa na kifaa kilichotumika. Yale maelezo ya daftarini yatakuwa malighafi ya hati hiyo. Na wewe uliyefukuzwa kazi kwa ujumbe wa WhatsApp, mambo hayo ni ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nawe una siku 30 tu tangu kuachishwa, kwa hiyo weka gazeti chini kwanza upige hizo picha za skrini.

Siku ya kusikilizwa, njoo na simu imejaa chaji, chaja yake, flashi, na nakala za karatasi zisizopungua tatu: ya mahakama, ya mdaiwa na yako. Usianze kusoma meseji kabla hujaambiwa. Kwanza eleza simu ni ya nani na karatasi zilipatikanaje, kisha omba zipokelewe kuwa kielelezo. Mdaiwa ataulizwa kama ana pingamizi. Zikishapokelewa na kupewa namba, ndipo zisomwe kwa sauti. Mahakama ya Rufani iliusisitiza mpangilio huo katika kesi ya jinai ya Robinson Mwanjisi ya mwaka 2003: kielelezo kilichosomwa kabla ya kupokelewa kinaleta kasoro, na kilichopokelewa bila kusomwa kinaweza kutupwa kwenye rufaa. Soma na yale maneno yako makali, mwenyewe, kwa sauti ileile. Hakimu akitaka kusikia ujumbe wa sauti, omba kipaza sauti kidogo au uje nacho, maana spika ya simu haishindi feni ya mahakama.

Simu yenyewe inaweza kupokelewa kuwa kielelezo, na ikishapokelewa haitarudi siku hiyo. Itakaa hadi shauri liishe na muda wa rufaa upite, ambao kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kwa hiyo hamisha namba za wateja wako mapema, toa laini kama mahakama haijaihitaji, nunua kitochi cha kuendeleza biashara, na hukumu ikishatoka andika barua kwa karani kuomba kielelezo chako kwa namba kiliyopewa.